Sibakthoni: kichaka kimoja, mafuta matatu

Ukipita maduka ya vipodozi ya Dubois Road, Nairobi, utakuta chupa mbili za mafuta ya sibakthoni (sea buckthorn) zimesimama rafu moja. Ujazo ni ule ule, mililita 30, na zote zina picha ya tawi lenye miiba lililojaa vitunda vya rangi ya chungwa. Bei zake ni mbingu na ardhi. Mnunuzi hukata shauri haraka: ya ghali ndiyo halisi, ya rahisi ni feki. Mara nyingine huwa hivyo. Lakini mara nyingi chupa zote mbili ni halali, ila kilichomo si kitu kimoja. Tunda la kichaka hiki lina mafuta ya aina mbili ambayo hayafanani kwa rangi, kwa kemia wala kwa kazi. Viwanda vikaongeza aina ya tatu, na zote zikapewa jina moja.

Kichaka chenyewe si cha Kenya, kwa hiyo tuanzie kwao. Kitaalamu kinaitwa Hippophae rhamnoides. Ulaya magharibi ni mmea wa pwani: huota kwenye matuta ya mchanga kando ya Bahari ya Kaskazini na Baltiki, penye upepo wa chumvi na udongo usio na rutuba. Ukielekea mashariki unakikuta mbali kabisa na maji ya chumvi, kwenye kingo za mito ya Siberia na Mongolia, kaskazini mwa China, hadi Ladakh kule Himalaya, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Sehemu hizo zote zinafanana kwa mambo matatu: jua la wazi, udongo usiotuamisha maji, na majira ya baridi kali kwelikweli. Kichaka kinavumilia nyuzi 40 chini ya sifuri. Kivuli hakikivumilii hata kidogo. Miti mirefu ikikizidi, kinakufa.

Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wa jamii ya Frankia, ambao huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea, kama inavyotokea kwenye maharagwe ingawa bakteria ni wengine. Tena mizizi hiyo hutambaa na kuchipua miche mipya pembeni. Kwa sababu hizo mbili China imekipanda katika maeneo makubwa ya nyanda za udongo wa manjano ili kuzuia mmomonyoko. Na kwa sababu hizo hizo mbili, huko Ireland, ambako kililetwa na watu, wahifadhi wanahangaika kuking'oa: kinarutubisha mchanga ambao mimea ya asili ya pale huupenda ukiwa fukara, kisha kinaifunika.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kuna miche dume na miche jike. Jike peke yake ndiye anayezaa matunda, na hazai bila dume karibu. Maua hayana petali wala asali, kwa hiyo nyuki hawana kazi hapo. Chavua hubebwa na upepo. Wakulima hupanda dume mmoja kwa majike sita hadi wanane, upande unaotoka upepo. Anayepanda kwa mbegu hupata dume na jike karibu nusu kwa nusu, na hawezi kuwatofautisha mpaka wachanue, baada ya miaka mitatu au minne. Ndiyo maana mashamba ya biashara hupandwa kwa vipandikizi vya matawi kutoka kwa mama anayejulikana.

Kwa nini ni ghali

Tunda lina urefu wa milimita 6 hadi 9, umbo la yai, mbegu moja ndani, ngozi nyembamba sana. La mwituni mara nyingi halifiki nusu gramu. Matunda yamekaa kwenye tawi yamebanana, yakilizunguka kama punje za gunzi, na katikati yake imesimama miiba. Hayo yangevumilika. Tatizo kubwa ni kwamba likiiva haliachii. Matunda mengi hujitenga na kikonyo yakikomaa, ukayavuna kwa kutikisa mti. Hili hubaki limeng'ang'ania hata majira yote ya baridi. Ukilivuta kwa vidole, linapasuka kabla ya kung'oka, na juisi yenye asidi inakutiririkia hadi kwenye mikwaruzo ya miiba.

Mbinu ya mashamba makubwa ya Ujerumani ni kukata tawi zima pamoja na matunda, kuligandisha kwenye chumba cha nyuzi 30 hivi chini ya sifuri, kisha kulitikisa kwa mashine. Tunda lililoganda huvunjika kwenye kikonyo bila kupasuka. Gharama yake ni mbili: umeme wa kugandisha, na ukweli kwamba kichaka kilichokatwa matawi hakizai mwaka unaofuata. Shamba moja linavunwa takriban mara moja kila miaka miwili.

Halafu kuna hesabu ya mafuta. Kilo 100 za matunda mabichi hutoa kwa kawaida kilo 2 hadi 3 za mafuta kutoka kwenye nyama ya tunda. Mbegu zote za kilo hizo 100 zikikamuliwa, mafuta yake hayafiki hata kilo moja. Anayekuuzia chupa kubwa ya mafuta safi ya mbegu kwa bei ya mafuta ya nazi, basi ama anakula hasara ama ndani kuna kitu kingine.

Mafuta ya kwanza, ya pili na ya tatu

Mafuta ya nyama ya tunda ndiyo yale mazito, mekundu ya chungwa iliyokolea, yanayopaka kila kitu rangi. Rangi hiyo ni karotenoidi, familia ile ile inayopaka karoti na mapapai rangi. Kiasi kikubwa cha mafuta haya, mara nyingi karibu theluthi, ni asidi ya palmitoleiki, inayotangazwa madukani kwa jina la omega 7. Sehemu nyingine kubwa ni asidi ya palmitiki, ambayo huganda kwenye ubaridi. Ndiyo sababu asubuhi ya Julai hapa Nairobi chupa inaweza kuonekana imepata ukungu au imekuwa nzito kama uji mwepesi. Haijaharibika. Ishike mkononi dakika chache itarudi.

Mafuta ya mbegu ni jamii nyingine kabisa. Rangi yake ni njano au chungwa hafifu, ni mepesi, na omega 7 humo ni kidogo mno. Kilichojaa ni omega 6 na omega 3 kwa viwango vinavyokaribiana, kila moja karibu theluthi. Omega 3 huoksidika haraka, kwa hiyo haya ndiyo yanayochacha upesi. Chupa iliyokaa dirishani River Road ikipigwa jua miezi miwili imeshaharibika hata kama tarehe ya mwisho ni mwaka kesho. Ukifungua ukasikia harufu ya rangi ya mafuta au ya karanga za zamani, irudishe.

Aina ya tatu haikamuliwi. Makapi ya matunda yaliyokwisha kutolewa juisi hukaushwa, husagwa, kisha hulowekwa kwenye mafuta ya alizeti yenye vuguvugu. Karotenoidi huhamia kwenye alizeti na kuipaka rangi ya chungwa. Urusi, ambako mafuta ya sibakthoni ni dawa ya duka la dawa kwa majeraha ya kuungua, mengi hutengenezwa namna hii. Si udanganyifu, mradi lebo iseme. Lakini asidi zilizomo ni za alizeti, na mtu aliyelipia omega 7 hapati omega 7.

Basi isome lebo ya nyuma, achana na ya mbele. Baada ya jina la kitaalamu, maneno Fruit Oil au Pulp Oil ni mafuta ya nyama. Seed Oil ni ya mbegu. Ukikuta Helianthus Annuus imetangulia, hiyo ni alizeti, na sibakthoni imekuja kama mgeni, maana viungo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi. Kama imeandikwa "Sea Buckthorn Oil" tupu bila kusema sehemu gani ya tunda, muuzaji hajui au hataki ujue. Bidhaa iliyoingizwa kutoka nje inapaswa pia kuwa na stika ya ISM, alama ya bidhaa za nje ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Kuna kipimo cha nyumbani kinachosaidia. Tia kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe kidogo cha kioo, weka kwenye friji, sehemu ya kawaida, usiku kucha. Ya nyama ya tunda yatakuwa mazito au yataganda nusu. Ya mbegu yatabaki majimaji. Ya alizeti pia yatabaki majimaji, ila na rangi ya chungwa angavu isiyolingana na wepesi wake. Yakiganda tabaka jeupe kabisa, umeuziwa nazi.

Mshindani mmoja anakishinda kipimo hicho: mawese. Mawese mabichi yana rangi ile ile, yana karotenoidi nyingi, na yana palmitiki ya kutosha kuganda kwenye friji. Macho hayatayatambua; pua huenda ikayatambua, kwa sababu mawese yananukia udongo na mboga, na sibakthoni ina harufu kali ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, karibu na uchachu. Uhakika kamili unatoka maabara, ambako palmitoleiki ndiyo shahidi: mawese hayana ya kutajika. Mawese si mabaya kwa ngozi. Ubaya ni kuyalipia bei ya Siberia.

Na kama shida yako ni omega 7 tu, kuna habari ambayo wauzaji wa chupa ndogo hawataitaja. Mafuta ya makadamia, yanayotokana na karanga zinazolimwa Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru, yana asidi ya palmitoleiki karibu asilimia 20. Hayana karotenoidi za kuchafua foronya, hukaa muda mrefu bila kuchacha, na hayajavuka bahari.

Kinachofanya kazi na kisichofanya

Sifa inayorudiwa sana ni vitamini C. Kwenye tunda na juisi ni ya kweli: kutegemea aina na mahali, gramu 100 huwa na kuanzia miligramu 100 hivi hadi zaidi ya 1,000, wakati chungwa lina kama 50. Lakini vitamini C huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Mafuta ya sibakthoni, yawe ya mbegu au ya nyama, hayana vitamini C. Tangazo linalosema mafuta hayo yanaing'arisha ngozi kwa nguvu ya vitamini C limeandikwa na mtu aliyechanganya juisi na chupa. Na anayetaka vitamini C kwa chakula, mapera ya Marikiti yana zaidi ya miligramu 200 kwa gramu 100.

Watafiti wa Finland wamefanya majaribio ya heshima, watu wakigawanywa makundi bila kujua nani amepewa nini. Mwaka 2008 zaidi ya watu 200 walikula rojo la matunda gramu 28 kila siku kwa siku 90: mafua hayakupungua wala hayakuwa mafupi. Mwaka 2010 watu wenye macho makavu walimeza mafuta gramu 2 kwa siku kwa miezi mitatu: machozi yao hayakukolea chumvi kama ya wenzao, na wekundu na macho kuchoma vilielekea kupungua. Mwaka 2014 wanawake waliokwisha koma hedhi walimeza gramu 3 kwa siku kwa miezi mitatu kwa ajili ya ukavu ukeni, na hali ya utando iliboreka zaidi kuliko kundi la kulinganishia. Hayo ni matokeo ya kiasi. Hayaponyi kisukari wala saratani, na hayazuii jua. Anayejipaka mafuta haya badala ya losheni ya jua ataungua.

Tazama vipimo hivyo. Gramu 2 ni vidonge vinne vya miligramu 500. Kopo la vidonge 30 ambalo linaambiwa ni la mwezi, kidonge kimoja kwa siku, linakupa robo ya kiasi kilichojaribiwa. Vimeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, la sivyo utacheua ladha yake asubuhi nzima. Mtu anayetumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asiguse kabla ya kuongea na daktari, na anayesubiri upasuaji aache wiki mbili kabla, kwa kuwa mafuta haya yanaweza kupunguza kushikana kwa chembe za kugandisha damu.

Kwa ngozi, mafuta ya nyama hayapakwi yakiwa safi. Utageuka njano usoni, nusu ya siku. Chukua mililita 30 za makadamia au alizeti, ongeza mililita moja ya sibakthoni, yaani matone kama 20, tikisa. Hiyo ni asilimia tatu hivi, na inatosha. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, subiri saa 24. Paka mapema jioni, usingoje dakika ya kulala, kisha pangusa kwa kitambaa cheusi. Bila hivyo foronya itapata doa la chungwa. Doa likishaingia, usikimbilie maji. Paka sabuni ya kuoshea vyombo juu ya doa likiwa kavu, sugua, acha robo saa, ndipo ufue. Kivuli cha njano kinachobaki anika juani: mwanga huvunja karotenoidi. Ukipiga pasi kabla doa halijatoka, umelipika ndani.

Juisi ni kali. Asidi yake inakaribia ile ya limau, sukari ni kidogo, na ina ukakasi. Juisi isiyochujwa sana ikiachwa kwenye glasi hujigawa tabaka tatu: juu utando wa mafuta ya chungwa, katikati maji ya njano, chini mashapo. Watu huirudisha dukani wakidhani imekatika. Tikisa. Fungu moja la juisi kwa manne au matano ya maji, asali kwa kupenda, na mwenye vidonda vya tumbo apite mbali. Juisi ya unga huwa dhaifu zaidi, na nyingine imechanganywa wanga ili isigande mabonge.

Je, ukapande Limuru?

Mbegu zinauzwa mtandaoni na watu wanauliza. Kisheria, mbegu yoyote ya kupanda kutoka nje inahitaji kibali cha KEPHIS, taasisi ya ukaguzi wa afya ya mimea, kabla haijasafirishwa, si baada ya kufika. Kibotania, jibu ni hapana. Ni kweli mbegu zikilowekwa siku moja na kukaa kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji kwa mwezi hadi miezi mitatu, kisha zikapandwa nusu sentimita chini ya udongo, zitachipua. Tatizo ni baadaye. Huu ni mmea unaopukutisha majani na kulala. Vichipukizi vyake vya maua husubiri wiki nyingi za ubaridi ndipo viamke pamoja. Usiku wa Julai Nairobi hushuka nyuzi 11 au 12, na sakitu chache za Limuru au Kinangop si majira ya baridi. Mche hukaa njia panda, haujalala wala haujaamka. Ukiwa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa upande wa Embakasi, mvua za Aprili zitauozesha mizizi kabla hujajua kama ni dume au jike.

Kichaka cha miiba chenye tunda chachu la rangi ya njano tunacho tayari, na wengi hukiona kila siku bila kukihesabu: kayaba. Ni ua wa mashamba na makazi ya zamani, na Mukuru Kayaba inabeba jina hilo. Asili yake ni kusini mwa Afrika, na hakina undugu na sibakthoni. Lakini nacho kina miche dume na jike, nacho kinavumilia chumvi na ukame, na miiba yake hufika sentimita 7. Tunda ni kubwa zaidi, sentimita 3 hadi 4, lenye mbegu kadhaa, chachu kiasi cha kukunja uso. Ua linalonyolewa mara kwa mara huzaa kidogo sana, maana mkasi unaondoka na matawi yanayochanua; aache upande mmoja bila kukata anayetaka matunda.

Jemu yake hutengenezwa hivi. Kilo moja ya matunda yaliyoiva, yapasue, ondoa mbegu, tia maji mililita 250, chemsha polepole dakika 15 mpaka ngozi ilainike kabisa. Ndipo utie sukari gramu 800, koroga iyeyuke, kisha moto mkubwa dakika 15 hadi 20. Dondosha tone kwenye sahani iliyotoka friji. Ukilisukuma kwa kidole likajikunja, epua. Kayaba lina pektini nyingi, yaani kile kinachogandisha jemu, kwa hiyo dakika tano za ziada zinaigeuza jemu kuwa kitu cha kukatwa kwa kisu. Sukari ikiingia kabla ngozi haijalainika, ngozi hukakamaa na haitalainika tena hata uchemshe hadi usiku. Na usitumie sufuria ya kawaida ya alumini: asidi huila, jemu ikapata ladha ya bati na sufuria ikabaki na madoa. Tafuta ya chuma kisichoshika kutu, au ile ya enameli isiyobanduka ndani.